Utupa, Besi na Jicho la Marico

Johannesburg ni jiji kubwa lisilo na mto mkubwa. Limekaa juu ya mgongo wa Witwatersrand, na mgongo huo ndio unaoamua mvua ielekee wapi. Tone likianguka upande wa kaskazini huingia mto Jukskei, likafuata mto Crocodile hadi bwawa la Hartbeespoort, likatokea Limpopo na kuishia Bahari ya Hindi. Likianguka upande wa kusini hushuka na mto Klip hadi Vaal, kutoka Vaal likaingia mto Orange, ambao hulivusha nchi nzima hadi Atlantiki. Abiria wa teksi huuvuka mgongo huo kwa dakika chache bila kujua. Samaki hauvuki. Kwa maelfu na maelfu ya miaka samaki wa upande mmoja hawakukutana na wa upande wa pili, na ndani ya kila bonde viumbe walikwisha kuzoeana: mwindaji alijua pa kuvizia, na anayewindwa alijua pa kujificha. Katika miaka mia na ushee iliyopita binadamu amezibomoa kuta hizo kwa ndoo na kwa handaki. Nauliza kama zinaweza kujengwa tena. Naamini zinaweza, ila mahali pachache tu, na hapo ndipo panapostahili fedha na ukali wetu wote.

Mvamizi anayetajwa kuliko wote ni besi, samaki mla samaki kutoka Amerika Kaskazini. Besi mdomo-mkubwa aliingizwa Afrika Kusini mwaka 1928, besi mdomo-mdogo akafuata mwaka 1937, na wa tatu, besi wa madoa, akaja 1939. Kenya ilimpokea besi mdomo-mkubwa katika ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920, kwa hamu ileile ya walowezi: walitaka samaki wa kushindana naye kwenye ndoano. Kabla ya besi alikwisha kuletwa trauti, katika miaka ya 1890, na kituo cha kuzalishia samaki cha Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, kilianzishwa mwaka 1893 kwa ajili yake. Historia hii isisahauliwe, kwa sababu siku hizi lawama zote hutupiwa wavuvi wa burudani. Kwa miongo mingi walioongoza kuzalisha vifaranga na kuvisambaza mitoni ni watumishi wa serikali, na walifanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba mito yenye visamaki vya ukubwa wa kidole ilikuwa mito yenye upungufu.

Visamaki hivyo havikuwa na kinga. Besi huwinda kwa macho: hutulia kando ya jiwe au gogo, kisha hufumbua mdomo ghafla na maji hujivuta ndani pamoja na chakula. Dume huchimba kishimo changaraweni, akalinda mayai na kufukuza kila anayekaribia, na hata vifaranga wakishaanguliwa huendelea kuwachunga kwa muda. Kwa hiyo besi hula watoto wa wenzake huku wa kwake wakiwa na mlinzi. Katika mto mpana wenye matete na maji ya vurugu, samaki wenyeji wanaweza kuponea chupuchupu. Katika kijito cheupe cha mlimani, ambako kila kitu kinaonekana na vidimbwi ni vidogo, hakuna pa kukimbilia.

Mfano uko karibu na Johannesburg. Upande wa magharibi, mwendo wa saa chache kwa gari, ndiko unakoanzia mto Groot Marico, ambao maji yake hukutana na yale ya Crocodile, yakiwemo yaliyotoka mitaa ya kaskazini ya jiji, na hapo Limpopo huzaliwa. Makaburu huiita chemchemi yake jicho, sawasawa na Mswahili anavyosema jicho la maji. Humo mna kisamaki cha Marico, jamaa mdogo wa ukoo mpana wa kuyu, asiyefikia urefu wa kiganja, na makazi yake duniani hayazidi sana vijito vya eneo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikagua bonde hilo sehemu kwa sehemu. Samaki wenyeji wengine walionekana kustahimili kuishi na besi mdomo-mkubwa. Kisamaki cha Marico hakikustahimili: palipokuwa na besi, chenyewe hakikuwepo, na kilipatikana tu kwenye vijito ambavyo besi hajavifikia. Ninaupenda utafiti huu kwa sababu haukutia chumvi. Haukusema besi humaliza kila kitu. Ulionyesha nani hasa anaumia na wapi, na mtu anayetaka kutibu anahitaji kujua kidonda kiko wapi.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kumkumbuka sangara. Aliingizwa ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, huku furu, waliokuwa na aina mia kadhaa, wakitoweka kwa makundi. Ulinganisho huu unafaa, lakini una mtego wake. Sangara alijenga viwanda vya minofu, akalisha familia na kuleta fedha za kigeni, na ziwa ni bakuli moja lisilogawanyika. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayependekeza kumwondoa leo. Anayetumia kisa cha sangara kuthibitisha kwamba mvamizi akishaingia hatoki anasema kweli kuhusu ziwa, ila anakosea kuhusu mto. Mto una ngazi. Una maporomoko, una matawi, una vijito vinavyoanza juu ya mwamba ambao samaki hawezi kuupanda. Kila ngazi ya namna hiyo ni mlango unaoweza kufungwa.

Hapa inafaa tuelewane juu ya neno lenyewe, mvamizi. Kambare tunayemjua sote, yule wa sharubu na mdomo mpana, ni mwenyeji halali wa mto Orange na Vaal. Hana kosa akiwa Vaal. Mwaka 1975 serikali ya Afrika Kusini ilikamilisha handaki la kilomita karibu 83 la kupeleka maji ya Orange kwenye mto Great Fish, huko Eastern Cape, ili wakulima wa nchi kavu wapate kumwagilia. Maji yakaenda, na samaki wakaenda nayo. Kambare alipotokea upande wa pili alikuta mito ambayo haikuwahi kumwona, na samaki adimu wa huko, wasiopatikana penginepo duniani, wakawa chakula chake. Kwa hiyo anayefanya samaki awe mvamizi ni mkono uliomvusha, awe katoka Marekani au katoka bonde la jirani. Hoja kwamba kambare ni wetu, ni Mwafrika, haina maana yoyote kwa kisamaki kinachomezwa.

Na Johannesburg inahusika na mahandaki kuliko inavyopenda kukumbuka. Jiji lilizidi maji ya mgongo wake zamani. Bwawa la Vaal lilikamilika mwaka 1938. Mkataba na Lesotho ukatiwa saini mwaka 1986, na tangu 1998 maji ya bwawa la Katse yanapita chini ya milima hadi bonde la Vaal. Baadaye bwawa la Mohale likaunganishwa na Katse kwa handaki lingine la kilomita 32, na wataalamu wa samaki walionya mapema kwamba handaki hilo lingeweza kuwa njia ya kumfikia kisamaki wa Maloti. Huyu ni samaki mdogo wa milima ya Lesotho aliyedhaniwa ametoweka kabisa, hadi alipoonekana tena mwaka 1970, naye alikuwa amesalia juu ya maporomoko ambayo wala trauti wala kuyu wakubwa wa mto Orange hawakuweza kuyapanda. Kila anayefungua bomba Soweto au Sandton anakunywa kwa hisani ya milima hiyo. Sisemi maji yasiletwe. Watu milioni kadhaa wanayahitaji. Nasema gharama ya handaki ihesabiwe pamoja na vichujio, uchunguzi wa samaki na walinzi wa vijito vya juu, kama inavyohesabiwa pamoja na zege.

Basi, kwa nini wasivuliwe tu? Ndilo wazo la kwanza la kila mtu, nalo lina haki ya kujibiwa vizuri. Ukimvua besi kwa ndoano au jarife, unawatoa wakubwa kwanza. Wakubwa hao ndio waliokuwa wakila wadogo wa jamii yao. Wakiondoka, vifaranga wengi zaidi wanapona, chakula kinawatosha, wanakua haraka, na baada ya misimu michache mto umejaa besi wadogo wenye njaa. Uvuvi usiokwisha hupunguza, na mahali pengine kupunguza kunatosha. Kumaliza ni jambo lingine. Kumaliza kwa mkono kumewahi kufaulu: katika mto Thee, tawi la mto Olifants wa Western Cape, besi wa madoa waliondolewa wote bila sumu, kwa nyavu na ndoano na watu walioingia majini kuwasaka mmojammoja. Ila Thee ni kijito kidogo, maji yake meupe, na kazi ilirudiwa tena na tena. Mtu asiuchukue mfano huo akauhamishia mto Vaal.

Jaribio lenye mafunzo mengi zaidi lilifanyika bonde hilohilo, katika mto Rondegat kwenye milima ya Cederberg. Takriban asilimia 80 ya makazi ya mitoni katika bonde la Olifants na Doring ilikwisha kutekwa na besi wa aina mbalimbali. Rondegat ulikuwa na bahati ya umbo. Juu yake kuna maporomoko yaliyowazuia besi mdomo-mdogo wasipande, na juu ya maporomoko hayo samaki wenyeji, hasa wale wenye mapezi mekundu, walikuwa wakiishi kama zamani. Chini, kabla mto haujaingia bwawa la Clanwilliam, kulikuwa na ukuta mfupi wa zege uliowazuia besi wa bwawani wasirudi. Katikati, kilomita nne hivi, besi walitawala, na wenye mapezi mekundu hawakuonekana kabisa. Kwa maneno mengine, hicho kilikuwa chumba chenye mlango juu na mlango chini. Mwaka 2012 taasisi ya uhifadhi ya CapeNature ilitia dawa ya rotenoni katika kipande hicho, ikarudia mwaka 2013, huku watafiti wakiongozwa na Olaf Weyl, wa taasisi ya taifa ya bioanuwai ya majini iliyoko Makhanda, wakipima mto kabla na baada. Ilikuwa mara ya kwanza mto wa Afrika Kusini kutibiwa hivyo. Besi waliisha. Samaki wa juu ya maporomoko wakateremka wenyewe, bila kubebwa na mtu, wakaanza kuzaliana mahali ambapo jamaa zao walikuwa wamekosekana kwa miongo.

Rotenoni si kitu kigeni kwetu. Ni dawa iliyomo katika mizizi na majani ya mimea kadhaa, na mmoja wa mimea hiyo ni utupa, ambao wavuvi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiuponda na kuutia mtoni tangu zamani. Hupenya kupitia matamvua na kuuzima uwezo wa chembe za mwili kutumia hewa. Ndiyo maana huwadhuru zaidi viumbe wanaopumulia matamvua, samaki na wadudu wengi wa majini, kuliko ng'ombe anayekunywa. Hapa pingamizi huja, na kwa Mtanzania huja kwa nguvu zaidi: kuvua kwa sumu ni kosa la jinai, mwanakijiji hushtakiwa kwalo, sasa vipi serikali ifanye jambo hilohilo na kuliita uhifadhi? Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake haliko katika jina la dawa. Mvuvi wa utupa hupiga mto bila kipimo, hachagui, hazimi sumu, na hurudi wiki ijayo. Kule Rondegat kiasi kilipimwa kwa uzito na mwendo wa maji, mwisho wa kipande palitiwa pamanganeti, ile dawa ya zambarau, ili kuizima sumu isiteremke zaidi, na tathmini ya mazingira ilitangulia. Aidha hakuna aliyevuna kitoweo.

Hata hivyo gharama ilikuwepo, na watetezi wa njia hii hawana ruhusa ya kuificha. Wadudu wa majini walikufa pia katika tiba ya kwanza. Baadhi ya aina zilipungua sana, na kuyu wenyeji waliokuwa katika kipande hicho walikufa pamoja na besi. Tiba ya pili ilitumia kiasi kidogo zaidi, na madhara yakawa madogo zaidi. Wadudu hao walirejea kwa sehemu kubwa, kwa sababu wengine huruka wakiwa wakubwa na wengine husombwa na maji kutoka juu, ambako dawa haikufika. Kumbuka tena maana ya kuwa na sehemu ya juu isiyoguswa: ndiyo benki iliyorudisha wadudu na samaki. Mto ambao besi wamefika hadi kwenye chemchemi hauna benki. Ukiutia dawa, utaua kila kitu na hakuna atakayerudi. Ndiyo sababu nasisitiza pachache. Rotenoni katika Vaal ingekuwa wazimu. Katika kijito cha kilomita nne chenye milango miwili ni tiba.

Wanaobaki ni wavuvi wa burudani, na hao si wachache. Uvuvi wa besi kuzunguka Johannesburg ni mchezo wenye vilabu, mashindano, mashua na maduka, na watu hula kwa kazi hiyo. Hofu yao ni kwamba leo kijito, kesho bwawa. Ningekuwa wao ningeogopa pia, maana serikali zina tabia ya kuanza padogo. Lakini sheria ya bioanuwai ya mwaka 2004 na kanuni zilizotolewa chini yake mwaka 2014 hazikumwekea besi hukumu moja nchi nzima. Ziligawa maeneo: katika hifadhi na vyanzo vya milimani alitakiwa adhibitiwe, na katika mabwawa ambako alikuwepo tayari alivumiliwa kwa masharti. Trauti hakuwekwa kabisa katika orodha ya wavamizi ya 2014, baada ya mvutano mkali na wenye mashamba na wavuvi wake. Binafsi naona kumwacha trauti nje lilikuwa kosa, kwa sababu kijito cha mlimani hakijali kama aliyekimaliza ni besi au trauti. Ila mgawanyo wenyewe wa maeneo ni wa busara, na wavuvi wangefanya vema kuushikilia kama mkataba. Bwawa la Hartbeespoort haliwezi kurudishwa lilivyokuwa kwa kuwaua besi wake. Wabaki nao. Badala yake wakubali kwamba vijito vya juu si vyao.

Wapo watakaouliza kwa hasira, na sina haki ya kuwalaumu, kwa nini nchi yenye mitaa isiyo na vyoo ihangaikie kisamaki kisicholiwa na mtu. Nina majibu mawili, na la pili ndilo ninalolitegemea. La kwanza ni la fedha: kulinda kijito cha juu kabla besi hajaingia ni kazi nafuu mno, mara nyingi ukuta mmoja wa zege na ukaguzi wa kila mwaka, na gharama hupanda baada ya kuchelewa. La pili ni kwamba Afrika Kusini imekwisha kukubali kanuni hii kwa miti. Tangu mwaka 1995 imekuwa ikiwalipa watu wasio na ajira kufyeka miti ya kigeni inayonyonya vyanzo vya maji, na hakuna anayeuita mpango huo anasa. Timu zilezile zinapanda vijito vilevile. Kuzifundisha kutambua besi, kupima ukuta na kutoa taarifa hakuhitaji wizara mpya.

Matokeo ya kukawia yanaonekana mashariki ya Johannesburg, Mpumalanga. Kisamaki cha mto Treur kilitambuliwa na sayansi mwaka 1958, kikatoweka katika mto wenye jina lake baada ya trauti na besi kufika, kikasalia sehemu moja tu ya juu ya mto Blyde. Katika miaka ya 1990 kilirudishwa Treur kutoka huko. Kama hicho kipande cha Blyde nacho kingepandiwa samaki wa michezo, pasingekuwa na wa kurudishwa.

Vijito vya juu vya Marico bado vina samaki wake. Besi yupo chini yao, na anayeweza kumvusha ni mtu mwenye ndoo na hamu ya kuona bwawa la shamba lake lina uhai. Ikiwa wewe ni mvuvi, na Ijumaa jioni unatoka Johannesburg na mshipi wako, chagua Vaal, chagua Hartbeespoort, vua besi kadiri unavyoruhusiwa na ule unaowavua. Usibebe samaki hai kutoka maji hadi maji. Na ukimwona besi juu ya maporomoko ambako hakuwahi kuwepo, wapigie simu wahifadhi wa mkoa siku hiyohiyo, kwa sababu akiwa mmoja au wawili bado anatolewa kwa wavu.